Uliza Mwalimu: Mshairi Aliyekufa Gazetini, Kisha Akaiaga Uingereza

Toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza ni kitabu gani cha vita kinachofaa kusomwa na mtu asiyependa vita. Nilimjibu kwa sentensi mbili, nikamtaja Mwingereza Robert Graves na kumbukumbu zake za mwaka 1929, Good-Bye to All That, kisha nikarudi kwenye ngeli zangu. Barua zilizokuja kuhusu zile sentensi mbili zimezishinda za ngeli kwa mbali, nami nimeamua kutonuna. Hizi hapa chache. Nimezifupisha, na majina ya wenyewe nimeyaacha kabatini.

*

Mwalimu, salamu. Hicho kitabu nilikipata inama, kwa wauza vitabu vya mitumba wanaovitandaza chini, pale Tom Mboya Street, jalada limetoka, nikakilipia bei ya chapati mbili na maharagwe. Nimekimaliza na nimebaki na kizunguzungu. Huyu bwana alizaliwa katika nyumba yenye watumishi, akasoma shule ya wenye nacho, akawa kapteni akiwa na miaka 20 tu. Vita vikaisha, akarudi akiwa hai. Mbona aliichukia nchi yake hata akaihama? Tena kurasa za mwisho zinakimbia sana, kama kuna zilizong'oka. Nakala yangu ni mbovu?
Dada wa Umoja

Dada yangu, nakala yako ni nzima. Aliyezing'oa kurasa ni mwandishi mwenyewe.

Kitabu kilitoka Novemba 1929. Mwaka 1957 Graves alikipitia upya, akanyoosha lugha, akaongeza visa, na akamfuta mtu mmoja. Nakala nyingi za jalada laini zinazozunguka mjini kwetu zinafuata toleo hilo la pili. Aliyefutwa ni Laura Riding, mshairi wa Kimarekani aliyekuja kukaa na Graves na mkewe, Nancy Nicholson, mwaka 1926, akafuatana nao hata Cairo, ambako Graves alifundisha chuo kikuu kwa muda usiofika mwaka. Aprili 1929, katika mvurugano wa mapenzi uliowahusu watu wanne, Laura alijirusha dirishani huko London. Aliumia vibaya mgongo lakini akapona. Graves aliandika kitabu kizima katika miezi michache iliyofuata, mbiombio, akihitaji pesa, na kilipofika madukani yeye na Laura walikuwa wamekwisha kuhamia Mallorca, kisiwa cha Hispania. Toleo la kwanza lilimalizika kwa maneno ya kumkabidhi Laura kitabu. Baadaye waliachana, na kalamu ya 1957 ikayafuta.

Ndiyo maana mwisho wako unakimbia. Katika toleo lako mtu anaonekana kuihama nchi kwa sababu ya vita peke yake. Katika toleo la kwanza kuna vita, lakini pia kuna ndoa iliyovunjika, madeni, na mwanamke aliyelala hospitalini. Mimi ninalipenda lile la kwanza. Lina fujo, na fujo ile ndiyo hali aliyokuwa nayo alipokuwa akiandika.

Hata hivyo usiniambie basi kwamba ni mambo ya mapenzi tu. Chuki yenyewe ilianza zamani, na haikuanzia mahandakini. Alizaliwa Wimbledon mwaka 1895, baba Mwairishi, mama Mjerumani wa ukoo wa von Ranke, na jina hilo la ukoo wa mama alibandikwa katikati ya lake. Alipokwenda Charterhouse, mojawapo ya zile shule za bweni za watoto wa wakubwa, jina hilo likamponza. Mvutano kati ya Uingereza na Ujerumani ulikuwa ukipanda, na wenzake wakamfanya adui wa darasa. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kufafanuliwa zaidi: tunajua jinsi jina la tatu kwenye kitambulisho linavyoweza kumhukumu mtu kabla hajafungua mdomo. Graves alijifunza ngumi, akawapiga waliostahili, na wakamwacha. Kuna mwalimu mmoja tu kijana anayemkumbuka kwa mapenzi, aliyemfundisha kupanda milima. Mwalimu huyo ni George Mallory, aliyefia Everest mwaka 1924.

Uingereza ilipoingia vitani Agosti 1914, Graves alijiandikisha siku chache tu baadaye, katika kikosi cha Royal Welch Fusiliers. Anakiri kwamba sababu mojawapo ilikuwa kukwepa kwenda Oxford mwezi wa Oktoba, na kwamba alidhani vita vitakwisha baada ya miezi michache. Alikuwa na miaka 19.

Sasa ngoja nikuoneshe ukurasa ninaoupenda kuliko kurasa za mabomu. Mwaka 1915 anapelekwa kwenye batalioni ya pili ya kikosi chake huko Ufaransa. Mahandaki yako karibu, watu wanakufa kila usiku. Na mezani? Mezani afisa mgeni haruhusiwi kumsemesha mkubwa wake, haruhusiwi kunywa wiski, na akitoka zamu anapelekwa kujifunza kupanda farasi, wakati vita vyenyewe ni vya kulala kwenye tope. Wageni kama yeye waliitwa kwa jina la chunjua. Yaani ile bweni aliyoikimbia ameikuta mbele ya bunduki za Wajerumani, na viranja ni walewale.

Kisha mapigano ya Loos, Ufaransa, tarehe 25 Septemba 1915. Hapo ndipo Waingereza walipotumia gesi ya sumu kwa mara ya kwanza. Kwa usiri, askari walikatazwa hata kuiita gesi, wakapewa neno la ofisini la kuitajia. Graves anasimulia kwamba siku ilipofika, spanari nyingi za kufungulia mitungi hazikuingia kwenye nati zake. Mitungi michache iliyofunguka, upepo ukaigeuza gesi ikawarudia wenyewe. Usome ule ukurasa polepole. Hapigi kelele. Anaandika kana kwamba anatoa taarifa ya duka lililoibiwa, na ubaridi huo ndio unaokufanya utake kukifunga kitabu.

Kile kifo chake cha gazetini nilichokitaja kwenye kichwa cha safu ni kweli. Tarehe 20 Julai 1916, katika mapigano ya Somme, kipande cha kombora kilimpita kwenye pafu. Kwenye kituo cha majeruhi aliwekwa kona ya wasiotazamiwa kupona. Kamanda wake akamwandikia mama yake barua ya rambirambi, na gazeti la The Times likamtangaza marehemu muda mfupi baada ya kutimiza miaka 21. Asubuhi waliokuja kuondoa maiti walimkuta anapumua. Baadaye gazeti lilichapisha masahihisho. Yeye mwenyewe anasema usumbufu pekee uliotokana na kifo chake ni kwamba benki ilisimamisha mshahara wake na akapata taabu kuwashawishi waheshimu hundi za marehemu. Waliokuwa hawampendi shuleni waliandika rambirambi nzuri sana.

Lakini dada, kilichomtenga na Uingereza ni kitu kingine, nacho ndicho swali lako. Ni mazungumzo ya nyumbani. Akija likizoni anakuta raia wanazungumza lugha ngeni, na lugha yenyewe ni ya magazeti. Anashindwa kuzungumza jambo la maana hata na wazazi wake. Wao wana shauku ya vita, yeye ana harufu ya vita kwenye koti. Ili usidhani anatia chumvi, ananakili barua iliyochapishwa gazetini mwaka 1916, ya mama asiyetaja jina, anayesema kwamba wanawake wako tayari kuendelea kutoa wana wao wa pekee kama risasi za kujazia mapengo. Barua ilitolewa kijitabu, na nakala 75,000 zikanunuliwa kwa muda usiofika wiki moja. Graves haichambui. Anaiweka mezani na kukuacha nayo.

Fikiria basi mtu huyo anaporudi moja kwa moja. Makombora yanapasuka juu ya kitanda usiku wa manane na mke yuko pembeni. Mchana, watu asiowajua wanabeba sura za marafiki waliokufa. Simu haishiki. Treni inamtia kichefuchefu. Akikutana na wageni zaidi ya wawili kwa siku halali. Na majirani wanataka aendelee kuwa kapteni, waende kanisani, wanywe chai, waulize ilikuwaje huko. Siku alipovua sare aliapa kwamba hatakuwa tena chini ya amri ya mtu yeyote maisha yake yote. Alifungua duka la rejareja karibu na Oxford yeye na Nancy, likafa. Alisoma, akaandika mashairi, akakopa. Alivumilia miaka kumi kabla ya kuaga, na mimi nashangaa kwamba ilifika kumi.

Kama una muda, rudia sura ya arusi yao, Januari 1918. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu, lakini kwa uhaba wa sukari lile pambo jeupe la juu lilikuwa la plasta. Lilipoinuliwa, wageni wote wakashusha pumzi kwa masikitiko. Mimi hucheka hapo kila mara. Bibi arusi alikuwa amesoma maneno ya kiapo cha ndoa kwa mara ya kwanza asubuhi ileile, akachukizwa nayo, akayatamka kanisani kwa hasira.

*

Mwalimu, hujambo. Nimestaafu jeshi baada ya kuhudumu nje ya mpaka. Usiku huandika niliyoyaona, kwenye madaftari yaliyobaki ya watoto. Mke wangu anasema niyaache yaliyopita. Nina maswali mawili. Nikiwataja wenzangu kwa majina, nimekosea? Na pale nisipokumbuka tarehe au kipi kilitangulia kipi, nitakuwa nimeandika uongo?
Afande mstaafu, Kahawa West

Afande, karibu. Jibu la swali la kwanza lina kisa, na kisa kinamhusu huyuhuyu Graves.

Rafiki yake mkubwa vitani alikuwa Siegfried Sassoon, mshairi pia, wa kikosi kilekile, mwenye nishani ya ushujaa. Julai 1917 Sassoon alitoa tamko la kukataa kuendelea na vita, akisema vinarefushwa makusudi na wenye uwezo wa kuvimaliza, na tamko likasomwa bungeni. Graves alikubaliana na mengi ya yaliyosemwa, lakini aliona rafiki yake anakwenda kujiangamiza bure. Akamdanganya kwa kiapo kwamba jeshi halitamfikisha mahakamani hata afanyeje, litamfungia tu kama mwendawazimu. Akahangaika hadi Sassoon akapelekwa mbele ya jopo la madaktari, naye akatoa ushahidi huku akibubujikwa na machozi mara tatu. Sassoon akapelekwa hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh. Huko ndiko alikokutana na kijana Wilfred Owen, ambaye aliuawa wiki moja kabla vita havijasimama, na mama yake akapata simu ya maandishi siku ileile ambayo kengele za amani zilikuwa zikilia.

Basi mtu aliyekuokoa hivyo, unamdai nini tena? Lakini kitabu cha Graves kilipotoka, Sassoon aliwaka. Ndani yake kulikuwa na barua yake ya kishairi ambayo hakuwa ameitoa hadharani, na kisa cha mama mmoja anayejaribu kuzungumza na roho ya mwanawe aliyeuawa vitani. Jina la mama halikutajwa, ila kila aliyewajua alijua ni mama yake Sassoon. Mchapishaji alilazimika kuondoa sehemu hizo haraka wakati nakala nyingine zimekwisha kutoka. Sassoon na rafiki yake Edmund Blunden, mshairi mwingine aliyepigana Ufaransa, walichukua nakala moja wakaijaza maneno ya kukosoa pembeni mwa kurasa, moja baada ya nyingine. Urafiki wa mahandakini ukaishia hapo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo ushauri wangu, Afande: askari mwenzako aliyefanya jambo mbele ya watu, mtaje ukitaka, ukimwuliza kwanza. Mama yake, mkewe, na alichokueleza usiku mkiwa wawili, hivyo si mali yako. Kuficha jina hakutoshi ikiwa mtaa mzima utamtambua. Aliyekufa ana watu wake. Nenda ukawaone kabla ya kuandika alivyokufa, maana pengine waliambiwa vingine, na kuna familia inayoishi kwa hicho ilichoambiwa.

Swali la pili. Blunden alikuwa mtu wa kumbukumbu safi, na makosa ya Graves ya tarehe na ya nani alikuwa wapi yalimkera kama mchanga kwenye ugali. Graves alijibu mwaka 1930 kwamba kumbukumbu za mtu aliyepita katika mabaya ya mahandaki haziwi za kweli zisipokuwa na kiasi kikubwa cha yasiyo sahihi. Akaongeza, bila haya, kwamba alichanganya makusudi kila kitu ambacho wasomaji hupenda: chakula, mizimu, wafalme, mauaji. Mimi nakubaliana naye nusu. Mtu aliyelala siku kadhaa bila usingizi chini ya mabomu akikupa mpangilio kamili wa saa na dakika, huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Lakini kusahau ni jambo moja, na kupamba ili kitabu kiuzwe ni lingine, na Graves alifanya yote mawili. Wewe pale unapokumbuka nusu, andika nusu. Usikamilishe kwa ajili yetu.

Na mkeo? Msomee ukurasa mmoja, uone. Ila kama usiku unaamka unatafuta bunduki isiyokuwepo, au tairi la matatu likipasuka unajikuta chini, daftari peke yake halitatosha. Pale Craiglockhart kulikuwa na daktari, W. H. R. Rivers, aliyewatibu maafisa kwa kuwaacha wazungumze waliyoambiwa nyumbani wayasahau. Leo wapo wa kazi hiyo hapahapa Nairobi. Nenda, na wala usione haya.

*

Je, Graves alikuwa mpinga vita? Tunabishana ofisini.
Karani, Industrial Area

Hapana, na anayesema hivyo ofisini kwenu hajakisoma. Aliona vita vile vimepotoka, lakini hakuacha kujivunia kikosi chake. Januari 1917 alirudi Ufaransa na pafu lililotoboka, hadi kifua kikamrudisha. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 alijitolea tena kwa askari wa miguu, wakamwambia wana kazi ya kukaa tu. Mwanawe David aliingia kikosi kilekile cha baba na kuuawa Arakan, Burma, mwaka 1943. Mwaka uliofuata vijana wa Keya, jeshi la King's African Rifles, kutoka kwetu nao walikuwa wakipita katika misitu ya nchi hiyohiyo, bonde la Kabaw, kwenye mvua za masika ya huko. Graves mwenyewe alikaa Mallorca, ukiondoa miaka kumi hivi ambayo vita vya Hispania na vile vya dunia vilimtoa. Tarehe 11 Novemba 1985, Westminster Abbey ilizindua jiwe lenye majina ya washairi 16 wa vita vya kwanza. Ni yeye tu kati yao aliyekuwa bado hai. Alifariki mwezi uliofuata. Nchi aliyoiaga ilimwandika sakafuni mwa kanisa lake kuu, na sijui kama angeomba ifutwe.

*

Mwalimu, kwa heshima zote. Mimi naishi Kariokor. Babu ya babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyohivyo na hakurudi. Wewe unatujazia kurasa na Mzungu mwenye benki na keki. Wetu waliandika wapi? Na washairi wetu wa Kiswahili walikuwa wapi?
Kijana wa Kariokor

Kijana wangu, umekasirika na una haki. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, na hilo jina la mtaa wako nimelisikia likitamkwa na wazee kabla sijajua kusoma. Ni kambi ya wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, iliyoliacha jina hapo, kama ilivyoliacha Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa hesabu za wakoloni wenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu, si kwa risasi. Wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo.

Lakini kabla hujamfukuza Mzungu kwenye safu yangu, nenda Kenyatta Avenue. Zile sanamu za shaba za wanaume watatu unazozipita ukikimbilia gari, mmoja wao ni mpagazi. Chini yake pana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Aliyetunga maneno hayo ni Rudyard Kipling, mshairi wa Kiingereza. Na Kipling alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, John, ambaye macho yake yalikuwa mabovu kiasi cha kukataliwa jeshini. Baba akatumia kujuana kwake na wakubwa, mtoto akaingia. Aliangukia Loos tarehe 27 Septemba 1915, siku mbili baada ya ile gesi niliyomsimulia dada wa Umoja, akiwa amepita miaka 18 kwa wiki chache. Kipling alikufa mwaka 1936 bila kuoneshwa kaburi lake. Mwaka 1919 alichapisha mistari miwili, wafu wakizungumza: wakiulizwa kwa nini tulikufa, waambieni ni kwa sababu baba zetu walisema uongo.

Sasa linganisha. Baba huyo anajua uongo uligharimu nini nyumbani kwake. Anapoandikia mpagazi wa Kariokor, anarudia palepale: ipiganie nchi yako. Nchi ipi? Na jina lipi litakalokumbukwa, wakati jiwe halina jina hata moja la mpagazi? Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakupewa makaburi wala kuandikwa majina kama Wazungu, ikaomba radhi. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja. Ile lugha ya magazeti iliyomfukuza Graves kwao, sisi tulichongewa kwenye jiwe katikati ya mji.

Na hapa ndipo ninapomwonea Graves wivu, si kwa keki. Yeye alichoka na kwao, akawa na pa kwenda. Wenzake wengi waliochoka hivyohivyo walikuja huku. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iligawa zaidi ya ekari milioni moja za ardhi ya Kenya kwa wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani, wengi kwa bahati nasibu, na sehemu ya ardhi hiyo ilichukuliwa kwa Wanandi, ambao vijana wao nao walikuwa jeshini. Mpagazi aliyenusurika alirudi akakuta kodi imepanda na kipande kinamsubiri, kile kitambulisho cha kutundikwa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Wanubi waliokuwa askari wa Keya waliachiwa msitu wa Kibera wakae, bila hati. Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiwe walipigwa risasi. Graves aliiaga Uingereza akaenda kupunga upepo wa bahari. Huyu wetu angeiaga nini, wakati yeye ndiye aliyekuwa akifukuzwa?

Waliandika wapi? Wa vita vya kwanza, karibu hakuna. Mkoloni aliwafundisha kubeba, si kuandika. Wa vita vya pili wapo. Waruhiu Itote, aliyekuwa Burma na baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau msituni, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1967. Bildad Kaggia, aliyefika Mashariki ya Kati na Uingereza akiwa jeshini, alitoa zake mwaka 1975, na sura zake za kuiona Uingereza na kanisa lake kwa karibu zisome mkabala na za Graves. Kaggia naye alirudi hawezi tena kukaa alipokuwa amekaa. Tofauti ni kwamba hakuhama. Alianza kuvuruga.

Washairi? Utenzi wetu wa vita ni wa zamani na una fahari yake. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoiteka Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, naye alikuwa karani wa forodha, mbali na mizinga. Ninaupenda kwa ufundi wake. Lakini ukiutafutia ile karaha ya mtu aliyerudi, huipati. Utenzi ulizoea kusimulia nani alishinda, kwa ruhusa ya Mungu, si kusimulia mtu anayeshindwa kuzungumza na mama yake mezani. Wazee wa Majengo waliotoka Burma walikuwa na maneno hayo, nimewasikia barazani, lakini walisimulia kwa vipande, na mtoto akikaribia wanabadilisha mazungumzo. Kama kwenu kuna aliyebaki, hata mjane tu, chukua simu umrekodi Jumapili hii. Usianze kwa kumwuliza habari za vita. Mwulize walikula nini.

*

Mwalimu, unaweza kuniazima nakala yako?
Msomaji wa South B

Hapana. Naazima sukari na mwavuli. Zunguka inama mwenyewe, na ukiona kilichochapishwa mwaka 1929 usioneshe furaha usoni, la sivyo muuzaji ataongeza bei.